Mlango wa Nadia

Wazazi wenzangu wa Muyinga, mlio na watoto wanaopanga nyumba Gitega, sikieni haya.

Binti yangu Nadia, mshonaji, alichelewesha kodi ya mwezi mmoja tu. Siku hiyo alirudi toka sokoni na mtoto mgongoni, akakuta mwenye nyumba, Husni, ameng'oa mlango na kuupeleka kwake. Nyumba iko wazi kama banda la mbuzi! Akanipigia simu akilia. Na mi nikakosea, nikamwambia: "Toka, mwanangu, usituletee aibu." Akaanza kufunga vitu.

Jirani yake, Mama Kasilda, akamzuia. "Ukitoka mwenyewe, umemrahisishia. Kaa hapa, namwita shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu."

Shefu alipofika akamwita Husni, akamwuliza, "Karatasi ya tribinali ya kumtoa mpangaji iko wapi?"

"Shefu, nyumba ni yangu!"

"Ni yako, ndiyo, lakini uliipangisha na mlango wake. Mashitaka peleka kwa hakimu. Mlango rudisha sasa hivi."

Husni akaurudisha ameubeba kichwani, wanawake wa kartie wanamzomea njia nzima. Nadia atalipa kodi yake, hilo halina ubishi. Lakini sitamwambia tena atoke kwa aibu. Mwenye aibu ni yule aliyebeba mlango.