Ndoo Zilizojirudia

Kila asubuhi, nikishafagia ua na kumwekea baba chai yake karibu na cherehani, nilikuwa nakaa kwenye mkeka barazani, nafungua kompyuta na kumtukana Mfaume. Namwandikia kwamba jua la Tabora limeshachomoza na Mzaramo bado kalala, ngoma ya jana imemmaliza. Naye hujibu chai yangu ikiwa bado ya moto: mpagazi amka, mzigo unakungoja, pwani ni mbali. Hatukuwahi kuonana. Yeye yuko Dar es Salaam na ameandika programu kwa miaka mingi. Mimi nimetoka chuo juzi. Lakini yeye ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, na watu wetu wametaniana tangu misafara ilipokuwa ikipita hapa kwa miguu kwenda pwani. Mtani hakasiriki. Kwa mtu mwenye haya kama mimi, hiyo ilikuwa ruhusa kubwa.

Siku hiyo nilikuwa nimefika katikati ya tusi langu simu ilipolia. Alikuwa Mama Josepha, mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki kule Sikonge. Hakuulizia hali ya baba wala ya nyumbani, nikajua kuna jambo.

"Shamimu mwanangu, programu yako inasema tuna asali ambayo ghalani haimo," alisema. "Njoo leo. Watu wanataka kumtoa Octavian kwenye mizani."

Nilifunga kompyuta bila kumalizia tusi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Kabla yake nilikuwa nimeomba kazi nyingi mtandaoni, na kila mahali waliniuliza uzoefu, kana kwamba uzoefu unauzwa dukani nami nimekuwa mzito kwenda kununua. Chuoni tulifundishwa kuandika programu, tukafanya mitihani, tukafaulu. Hakuna aliyetuambia ufanye nini siku umebaki peke yako na mteja anasubiri. Niliwahi kuuliza swali kwenye kundi kubwa la waandishi wa programu. Mtu mmoja akanijibu kwa vikaragosi vya kucheka, nikalifuta swali langu na sikuuliza tena. Mfaume ndiye aliyeniandikia pembeni siku ile, akauliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia Tabora, akafurahi kama aliyeokota kitu. Tangu hapo tulikuwa tunataniana tu.

Mara chache aliniuliza kuhusu kazi. Nilipomwambia naandikia wafuga nyuki programu, aliuliza mtandao ukikatika huko porini itakuwaje. Sikuelewa anauliza nini hasa. Nikamjibu kwamba itamsubiri Mzaramo amalize ngoma. Alicheka sana, nami nikajiona hodari.

Ndani ya gari la kwenda Sikonge nilifungua kompyuta mapajani na kuanza kupitia kumbukumbu. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Mzee Octavian huzunguka vijijini na mizani, hupima ndoo za asali, huandika jina la mfugaji na uzito kwenye simu ya kikundi, kisha hubonyeza "tuma". Nikaona ndoo ya mtu mmoja imeingia, halafu ileile, uzito uleule, imeingia tena muda mfupi baadaye. Nikashuka chini zaidi, nikaona nyingine. Mahali ambapo mtandao ni dhaifu, simu ilikuwa imekwama, mzee akadhani haijatuma, akabonyeza tena. Kila alipobonyeza, programu yangu ilizaa ndoo mpya. Zilizojirudia zaidi zilikuwa za kijiji kimoja cha ndani kabisa ya msitu wa miombo, na huko ndiko kwa wakwe zake.

Nilielewa kilichotokea. Jinsi ya kukizuia, au kuondoa ndoo za uongo bila kugusa za kweli, sikujua. Nilitaka kumwandikia Mfaume. Nikaandika, "Mzaramo, upo?" nikafuta. Sikujua sentensi inayofuata ingekuwaje, maana sikuwa nimewahi kumwandikia bila kutania.

Ofisi ya kikundi ni chumba kimoja kando ya ghala, chenye harufu ya nta na moshi. Wanachama walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi. Mzee Octavian alikuwa kwenye kigoda karibu na mizani yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama baba bado anasumbuliwa na mgongo. Nilishindwa kumtazama usoni. Nilikuwa nimeshamwona akifanya kazi: kabla ya kutundika ndoo hufuta kitako chake kwa kitambaa, ili mtu asipimiwe tope.

Mtu aliyeitwa Elieza ndiye aliyesimama kusema. Hakupaza sauti. Alisema hawamtukani mtu, ila asali iliyoandikwa ni nyingi kuliko iliyomo, na iliyozidi ni ya ukoo wa shemeji wa Mzee Octavian. Wengine waliguna. Mwanamke mmoja aliuliza kwa nini nyuki wa wakwe wa Octavian wawe na bidii kuliko nyuki wa wenzao, na watu wakacheka kicheko kisicho na furaha.

Mama Josepha akanigeukia, akaniuliza kama programu inaweza kukosea.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limefika kooni. Lakini nyuso zote zilinielekea, na niliona waziwazi watakavyoniangalia nikishalisema: binti wa chuo, tulimwamini, kumbe hajui kazi. Nikasema nahitaji kuangalia zaidi.

Mzee Octavian akajikohoza. "Kompyuta haina shemeji," alisema taratibu. "Haina sababu ya kunisingizia. Labda ni mimi. Macho haya si ya zamani, pengine nimeandika visivyo bila kujua."

Akavua ufunguo wa ghala aliokuwa ameuvaa shingoni kwa kamba, akauweka mezani mbele ya mwenyekiti. Hakuna aliyeugusa.

Mama Josepha hakupenda. Aliutazama ule ufunguo, kisha akanitazama mimi, akauliza kama sina mwalimu, mtu aliyenitangulia katika kazi hii, wa kumuuliza. Nilisema kuna kaka mmoja Dar es Salaam. Akasema nimpigie palepale, simu iwe kwa sauti, wote wasikie.

Sikuwahi kumpigia Mfaume. Niliiweka simu mezani kando ya ufunguo. Alipokea haraka.

"Mpagazi," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiria. "Leo umenipigia kabisa. Umebwaga mzigo njiani, sivyo?"

Mabenchi yote yakacheka. Elieza akauliza huyo nani, nikamwambia ni Mzaramo, na uso wake ukabadilika papo hapo. Akaisogelea simu, akamwambia Mfaume kwamba babu zake walikuwa wakijificha wakisikia Wanyamwezi wanapita, wakidhani ni tembo. Mfaume akajibu kwamba walijificha kwa sababu wageni wakishaketi hawaondoki, na chakula kinaisha. Yule mwanamke wa nyuki akadai ng'ombe wa fidia. Mfaume akasema ng'ombe yupo, waje kumfuata kwa miguu, wameshazoea. Chumba kizima kilikuwa kimelegea. Mama Josepha alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa khanga.

Nikaona pa kutokea. Ningeweza kuongeza tusi langu, wakacheka zaidi, kisha nikasema mtandao umekatika, nikarudi Tabora na kompyuta yangu kwa ahadi ya kuangalia. Hakuna ambaye angenilaumu. Tusi lenyewe lilikuwa limeshanijia.

Mzee Octavian naye alikuwa akicheka, kwa adabu, kama mtu anayecheka msibani watani wanapofanya vituko vyao. Mkono wake ulipanda shingoni kutafuta ile kamba, ukaikosa, ukashuka.

Nilianza kusema ukweli, kwa sauti ndogo. Mama Josepha akanyamazisha watu, akaniambia niongeze sauti, hawanisikii.

Mfaume bado alikuwa anaendelea na ng'ombe wake.

"Kaka Mfaume, nisikilize, naomba usicheke," nilisema. Sikuwa nimewahi kumwita kaka. Akaacha habari za ng'ombe. "Uliponiuliza mtandao ukikatika itakuwaje, sikuelewa, nikaona haya kukuambia. Sasa programu yangu inaandika ndoo moja mara mbili, na Mzee Octavian anadhaniwa mwizi. Yeye hajakosea hata ndoo moja, nimekosea mimi. Na sijui kuirekebisha. Nahitaji mtu wa kunifundisha hii kazi. Nifundishe."