Viatu Vilivyorudi Vikiwa Vipya

Kisigino alikuwa na siku mbili za kuchagua mtu wa kufanya naye kazi kwa miaka kumi na miwili, na mtu ambaye ukoo mzima ulitaka amchague alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Mengine yalikuwa makaratasi.

Jina la Kisigino alipewa na mafundi wake, kwa sababu hakuwahi kumtazama mtu usoni kabla ya kumtazama miguuni. Alianza kushona viatu barazani akiwa na miaka kumi na mmoja. Sasa alikuwa na karakana yenye mafundi thelathini na wanane, wanatengeneza viatu vyeusi vya shule. Shule yenyewe aliiachia darasa la nne. Hakufukuzwa. Mama yake aliugua, akabaki nyumbani kumwangalia wiki moja, wiki ikazaa mwezi, na hakuna aliyekuja kubisha hodi kuuliza yule mtoto yuko wapi. Mwalimu wake alikuwa akikaa mtaa wa pili. Miaka arobaini imepita, na mtaa huo wa pili bado ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa hiyo alipopata uwezo hakutaka kujenga darasa, wala kuandikwa jina ukutani. Alitaka walimu wa kutembea. Mtoto akikosa shule siku tatu, mwalimu aende kwao, akae, aulize, na kesho arudi tena. Karakana ingegharimia kazi hiyo miaka kumi na miwili, muda wa mtoto kuingia darasa la kwanza hadi kumaliza masomo. Lakini Kisigino alijua ngozi na gundi, hakujua kuongoza walimu. Alihitaji mshirika.

Walibaki wawili. Wa kwanza ni shirika la shemeji: ofisi ya ghorofani, zulia, kiyoyozi, na ripoti zenye picha za rangi ambazo ukizipanga unaweza kukalia. Wa pili ni mwanamke mmoja aliyewahi kuwa karani wa mahakama, watu wakimwita Mama Daftari. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri na walimu kumi na watano. Ripoti yake ya mwaka ilikuwa kurasa tatu, na ya tatu ilikuwa na doa la mafuta.

Mwaka uliotangulia Kisigino aliwapa wote wawili kazi ya majaribio. Pamoja na kazi hiyo, kila mmoja alipewa jozi kumi na tano za viatu vya walimu, ngozi ileile, soli ileile, vimekatwa siku moja. Alisema ni zawadi tu. Sasa, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya kutia saini, akatuma ujumbe kwamba anaomba viatu vyake virudi avione.

Binti yake, aliyekuwa mhasibu wa karakana, aliona aibu. Alimwambia baba yake kwamba mtu mzima hadai zawadi. Yeye alikuwa ameshatengeneza jedwali la alama: utunzaji wa mali, taarifa, uzoefu, ofisi. Mjomba wake, maana ndivyo alivyozoea kumwita mume wa shangazi yake, alipata tisini na moja. Mama Daftari alipata hamsini na nne. Kisigino akamwambia jedwali ni zuri sana, aliweke mahali pasipo na panya.

Shemeji alifika wa kwanza, asubuhi, pamoja na dada. Dereva alipandisha maboksi mezani. Jozi kumi na tano, kila moja na kikaratasi cha namba. Vilikuwa vinang'aa, unaweza kujinyolea ndevu humo. Shemeji alieleza, kifua mbele, kwamba mali ya mfadhili kwao ni amana. Viatu viliandikwa kwenye rejista, vikafungiwa kabatini, na vilitolewa wageni walipokuja. Hakuna jozi hata moja iliyopotea. Kisigino aliona kwamba mtu huyu hasemi uongo, tena anangoja kusifiwa, na hapo ndipo moyo ulipomshuka.

Akageuza kiatu kimoja. Muhuri wa karakana, alioukandamiza chini ya soli kwa mkono wake, ulikuwa unasomeka herufi zote. Kwa mtu anayetembea, muhuri ule haumalizi mwezi.

"Sasa walimu walikuwa wanakwendaje kwa watoto, shemeji?"

Shemeji alicheka kidogo, akasema siku hizi hakuna haja. Mtoto asipoonekana, kompyuta inampelekea mzazi ujumbe kwenye simu.

"Na mzazi asiye na simu?"

"Ah, shemeji. Nani hana simu siku hizi?"

Kisigino alimkumbuka mama yake, chali kitandani, hata kikombe hawezi kukishika. Akarudisha kiatu ndani ya boksi, akawashukuru kwa kuja.

Mama Daftari alikuja mchana na gunia begani. Hakusubiri kukaribishwa, alilimwaga juu ya meza ya kukatia ngozi, na fundi aliyekuwa karibu akasogea kwa harufu. Viatu vilikuwa vimeumbuka. Kimoja kilifungwa waya, kingine kilitiwa kiraka cha tairi, visigino vimelika upande kama sabuni. Kisigino alivichukua kimoja kimoja kama daktari. Huyu anapanda mlima, alisema. Huyu ana mguu mmoja mfupi. Mama Daftari akasema ndiyo, ni yule wa hesabu. Jozi zilikuwa kumi na moja, basi akauliza zile nne nyingine ziko wapi.

Moja iliibiwa mlangoni, mwalimu akiwa ndani anaongea na bibi wa mtoto. Mbili walimu waliwapa wanafunzi wakubwa waliokuwa wanaona haya kurudi darasani peku.

"Na ya nne?"

"Sijui. Na sitakutungia."

Kisha akaendelea bila kuulizwa. "Ukitupa vingine, badilisha gundi. Hii yako inaachia mwezi wa nne. Mwalimu wangu mmoja amepita sokoni soli inapiga makofi, watoto wanamfuata nyuma wakicheza."

Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine. Katika karakana ile hakuna aliyewahi kumwambia Kisigino kwamba kiatu chake kibaya. Yeye alikikunja kile kiatu, akachungulia kati ya ngozi na soli. Ilikuwa kweli. Mwaka jana alibadilisha gundi akachukua ya rahisi, akadhani hakuna atakayejua.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilikuandikia. Ukurasa wa tatu."

Akaagiza ripoti iletwe. Ilikuwepo, chini ya doa la mafuta, mistari miwili. Hakuwa amefika ukurasa wa tatu.

Kesho yake dada alikuja nyumbani peke yake, akakaa bila kuvua mtandio. Huyu ndiye aliyemlea Kisigino mama yao alipofariki. Alisema kwa sauti ya chini kwamba damu ni nzito kuliko maji, kwamba mumewe ndiye anayewapa oda ya viatu ya shule zote zilizo chini ya shirika lake, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Msharasi wako wa kwanza wa kutobolea ngozi nilikununulia mimi," alisema. "Leo unaniaibisha kwa mume wangu kwa sababu ametunza viatu?"

"Dada, nilipoacha shule nilikaa mlangoni nikingoja mwalimu. Wewe ulikuwepo. Alikuja?"

"Hakuja."

"Basi kazi ya kuja siwezi kumpa mtu ambaye viatu vyake havijatoka kabatini. Hata angekuwa baba yetu."

Dada aliondoka bila kuaga. Ijumaa saa nne Kisigino alitia saini na Mama Daftari. Mwanasheria aliuliza aandike sababu gani ya kumwacha mwenye alama tisini na moja. Kisigino alimwambia aandike kwamba muhuri bado unasomeka. Binti yake alinuna, lakini ndiye aliyempa kalamu.

Gharama yake ni hii. Oda ya jozi elfu nne ilihamia karakana nyingine. Mafundi sita walikosa kazi miezi miwili, na Kisigino aliwaendea makwao mmoja mmoja, kwa miguu, akawaambia mwenyewe. Wanne walirudi, wawili hawakurudi. Gundi ya zamani ilirudishwa, na jozi kumi na tano zikashonwa upya bure. Shemeji hamsalimii. Mtu akimuuliza Kisigino kama anajuta, anamtazama miguuni, kisha anaendelea na kazi.

Na dada. Jumapili tisa Kisigino amekwenda kubisha hodi kwake. Mara tisa mlango haukufunguliwa. Jumapili ijayo itakuwa ya kumi.