Samaki Aliyegoma Kula

Hamimu alikuja Bariadi msimu wa pili tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua pamba. Alitoka Tanga, na bahari ya Tanga hakutaka kuiacha. Malori yake yalipeleka marobota bandarini yakarudi na madumu ya maji ya bahari, yakamiminwa kwenye tangi la kioo sebuleni kwake. Humo waliishi samaki wa miambani, wadogo kama kidole gumba, wa kulala chini na kuchungulia kwenye matundu. Walianza kumi na mmoja. Walibaki watatu.

Hao akamkabidhi Bujiku, mlinzi wa ghala lake. Bujiku alikuwa mtu wa Nkololo, na kabla wezi hawajasomba ng'ombe wake, watu walimfuata hata kutoka Mwamapalala awatazamie mifugo wagonjwa. Sasa alilinda magunia. Gunia haliumwi wala halizai, na kazi hiyo aliichoka.

"Nakwenda Dar es Salaam wiki tatu," Hamimu alimwambia. "Nikirudi nikakuta hawa wamezaa, nitajua wewe ni mfugaji kweli, si maneno ya kilabuni. Ng'ombe wangu arobaini wa Mwandoya watakuwa chini yako."

"Bosi, aliyezalisha ng'ombe atashindwa na dagaa?"

"Dagaa ni mboga. Hawa usiwaite hivyo mbele ya mke wangu."

Bujiku akamteua mkubwa kuwa nzagamba, dume la zizi, na wale wawili akawahesabu majike. Siku ya tatu mmoja wao alikuwa ametafunwa mkia.

"Mzee Bujiku, hawa hawaoani watatu," alisema Nasrin, mke wa Hamimu. "Ni mmoja na mmoja. Wa tatu huuawa."

"Kumbe ni Wakristo."

"Sijawauliza. Mtoe huyo."

Akamtoa, akamweka kwenye ndoo. Wawili waliobaki wakaanza kuongozana. Mkubwa alitikisa kichwa mbele ya kipande cha bomba kilicholazwa mchangani, akaingia, akatoka, akaingia tena, mpaka mwenzake akamfuata. Tumbo la jike likajaa. Wiki iliyofuata Nasrin alikwenda msibani Maswa, na asubuhi ya pili yake tumbo lile lilikuwa limenywea. Bujiku akatafuta mayai mchangani na juu ya mawe, asione hata moja.

Alichoona ni dume. Lilikuwa limejibanza ndani ya bomba, linahema haraka, mapezi yakitetemeka kama mtu mwenye homa. Chakula kilishuka mbele yake, halikukigusa. Jioni vilevile. Kesho yake vilevile.

Mnyama akijitenga na kundi akagoma kula, huulizi ugonjwa wake jina. Unamtoa kabla hajawaambukiza wenzake. Hilo Bujiku alilijua kabla ya kujua kusoma. Akalisukuma dume kwa waya, likamng'ata kidole, akaliteka kwa chujio cha chai na kulitia kwenye beseni.

Nasrin aliporudi alimulika tochi ndani ya bomba. Darini mwake mlikuwa na mayai yamebandikwa kwa mamia, yote meupe, yameota ukungu.

"Dume ndiye anayeatamia," alisema. "Hali. Anayapepea kwa mapezi mpaka yaanguliwe. Umewaondolea baba."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ulisema mifugo unaijua."

Hamimu alikuwa njiani.

"Nikilisugua bomba hatajua," Nasrin alisema. "Watataga tena, nawe utapata ng'ombe wako."

Bujiku aliyatazama mayai yale. Ng'ombe arobaini si wachache.

"Liache lilivyo, mama."

Hamimu alirudi kesho yake, viatu vimejaa vumbi, kwa kuwa alipitia Mwandoya kwanza. Kabla hajaketi Bujiku alimweleza yote, pamoja na chujio.

"Dume lilikuwa zima?" Hamimu aliuliza.

"Zima kuliko mimi. Nilidhani linaumwa."

"Ulingoja siku ngapi ulipoona halili chakula?"

"Moja. Na hiyo niliiona ndefu."

Hamimu alivua kiatu, akakikung'uta mlangoni.

"Januarius, mchungaji wangu kule Mwandoya, aliona mtamba amegoma kula. Akasema tungoje tuone. Ameona wiki nzima. Nimekuta ng'ombe sita wamekufa." Akavua cha pili. "Utakwenda wewe. Kesho gari likipatikana. Samaki usiwaguse tena maisha yako."

"Ng'ombe waliobaki, kuna waliojitenga?"

"Wawili, nadhani. Walikuwa wamelala kando."

"Basi kesho ni mbali," Bujiku alisema, akaenda ghalani kuchukua fimbo na blanketi lake.