Mapengo Hayupo

Mwalimu Filimbi alikuwa amestaafu kufundisha michezo, ila michezo ndiyo iliyokataa kumwacha. Yeye na dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu, walikodi jengo la shule iliyohama, wakataka kufungua kambi ya watoto wakati wa likizo. Kibali kikawapiga chenga. Mara ya kwanza mlango wa bweni ulifungukia ndani badala ya nje. Mara ya pili mitungi ya kuzimia moto ilikuwa imepitwa na muda.

"Usikate tamaa, mdogo wangu," dada alimwambia. "Mlango tumegeuza, mitungi mipya. Wakitukataa sasa, labda kwa sura zetu."

Ukaguzi wa tatu ulidai zoezi la moto, watoto wakiwepo. Majirani wakawaazima watoto ishirini na wanne kwa siku moja. Filimbi akawapanga wawili wawili, kila mmoja amjue pacha wake yuko wapi. Kufika saa nne asubuhi, Kidoti na Mapengo, mabinti wa miaka minane waliopangwa pamoja, walikuwa wameshagombania kitanda cha juu na hawasemeshani.

Mama mkaguzi aliingia na faili kwapani, uso umekaza kama ngozi ya ngoma. Akapima ngazi, akafungua kila dirisha, akazunguka vyumbani peke yake. Aliporudi uwanjani akatoa saa.

"Haya, piga."

Mwalimu akapuliza filimbi. Watoto wakatoka mbio bila kusukumana, wakajipanga kando ya ukuta. Mwalimu hajafika hata mtoto wa tano kuhesabu, Kidoti akajitoa mstarini, mikono kifuani.

"Mwalimu, mimi na yule hatuongei. Lakini hayupo!"

"Nani?"

"Mapengo!" Sauti ikampasuka, machozi yakamtoka. "Mapengo hayupo!"

Filimbi hakukurupuka. "Umemwona wapi mara ya mwisho?"

"Mlangoni pa stoo ya magodoro."

"Dada, stoo! Wengine wote kaeni chini, shikaneni mikono."

Dada akasahau goti lake bovu. Dakika haikuisha, akarudi amemshika mkono Mapengo, vumbi tupu mpaka kwenye kope.

"Huyu mama ndiye kaniambia nijifiche," Mapengo alilalamika, akimnyooshea mkaguzi kidole. "Eti aone kama mtanikumbuka!"

Kidoti alimrukia shingoni. "Umenitisha, wewe!"

"Kumbe unaongea?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na uso wa mkaguzi ukalegea.

"Mlango niliuacha wazi, asiogope," alisema. "Miaka kumi na moja nafanya jaribio hili. Mara nyingi naishia kwenda kumtoa mwenyewe, wenye kambi bado wanatafuta orodha." Akaweka faili juu ya benchi, akagonga muhuri mpaka benchi likatikisika. "Mwalimu, kambi yako imesajiliwa."

Filimbi alifungua mdomo, lakini dada akamtangulia. Akamjibia kwa vigelegele virefu ambavyo wagonjwa wake wa zamani wasingeamini vimetoka kwake. Watoto wakadakia kwa mayowe. Wazazi waliokuwa wakisubiri nje wakadhani kuna balaa, wakaingia wakikanyagana, wakamkuta mama mkaguzi katikati ya duara, viatu mkononi, akifundishwa kuruka kamba.

"Kuna nini?" baba mmoja alihema.

"Tunaanza Jumatatu!" dada alipaza sauti, huku akifuta machozi kwa ncha ya kanga.