Mirunda ya Kuazima

Ukubwa jalala, na anayebisha hajawahi kuwa nyapara wa mjengo. Huyu nyapara wetu alikuwa seremala miaka kumi na saba, akitania na kutaniwa kama wenzake wote. Siku alipokabidhiwa usimamizi wa lile jengo la ghorofa, vicheko vikaanza kukatika kila anapokaribia. Mchana mafundi walikula pamoja kwenye kivuli cha ukuta, naye akala kwenye kibanda cha stoo, akitazamana na mifuko ya saruji. Hakuna aliyemfukuza. Wa kumwita naye hakuwepo.

Kilichomuuma zaidi ni shemeji yake, mume wa dada yake mdogo. Useremala alimfundisha yeye mwenyewe, tangu namna ya kushika msumeno. Sasa shemeji ndiye mkuu wa maseremala pale, na mazungumzo yao yamebaki ya vipimo tu: futi ngapi, inchi ngapi, basi. Nyapara alijiambia yatapita. Hayakupita.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana ni kosa la mafundi, mtu wa ofisini hata akitaka hawezi kulifanya. Sakafu ya ghorofa ikishamwagwa zege, huachwa imeegemezwa kwa mirunda, ile miti ya kusimamisha, wiki tatu nzima mpaka ikomae. Lakini kazi ikibana na miti ikapungua, maseremala huazima. Wanapita chini ya sakafu changa, wanaruka mrunda mmoja, wanang'oa mmoja, wanakwenda kuegemeza sakafu ya juu yake. Mara nyingi haliharibiki neno, ndiyo maana hawaachi.

Asubuhi hiyo mwenye jengo alishapiga simu mara tatu kuhimiza. Watu kumi na wawili walikuwa juu wakimwaga zege la ghorofa ya pili, na uzito wote ule ulikuwa unashukia sakafu ya ghorofa ya kwanza, yenye siku tisa tu. Nyapara akaingia chini yake kutafuta koleo. Akaona mrunda, pengo, mrunda, pengo. Akainama kwenye mmoja uliobaki. Kabari zake zilikuwa zimebondeka kama muwa uliotafunwa, na juu yake, kwenye zege, ufa mwembamba ulikuwa umeanza safari kutoka ukutani.

Alitaka kupiga ukelele mtaa mzima usikie. Lakini watu kumi na wawili wakikimbia kwa pamoja juu ya sakafu iliyochoka, wao wenyewe ndio wataimalizia. Akajikaza kisabuni, akapanda ngazi polepole, mikono mfukoni. Akaamuru mashine ya kutetemesha zege izimwe. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na maisha, akawaambia mwenye jengo ameleta mpiga picha, kwa hiyo washuke mmoja mmoja, wenye vitambi watangulie. Wakacheka. Fundi mmoja mnene akauliza kama picha itamtosha. Wakashuka kwa mwendo wa maharusi, na nyapara akawa anahesabu kimoyomoyo kila mguu unaogusa ngazi, mpaka akabaki peke yake na zege bichi. Hapo ndipo alipoogopa kwelikweli, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Akashuka wa mwisho.

Walipofika mbali na jengo akawaambia ukweli. Shemeji yake alielewa kabla sentensi haijaisha, uso ukamshuka. Akasema ni kazi ya dakika kumi tu, aegemeze yale mapengo kwa mbao zilizobaki, zege lisipotee bure. Na kweli akashika njia ya mlangoni, nyundo mkononi. Nyapara akamtangulia, akauziba mlango kwa mwili wake.

"Huingii, shemeji."

"Kuazima mirunda nilifundishwa na nani? Si wewe?" Aliyasema mbele ya wote.

"Ni mimi. Nilikufundisha vibaya. Huingii."

"Basi cheo kimekutia woga."

Jamani, kuna maneno yanayouma kuliko kofi. Nyapara alikuwa na jibu, tena refu: kwamba huyu aliyesimama mbele yake ndiye rafiki pekee aliyembakia. Akalimeza. Shemeji akaitupa nyundo chini, akampa mgongo.

Wakangoja. Saa moja, saa mbili, saa tatu. Unajua nini kilitokea? Hakuna. Sakafu haikuanguka. Zege likagandia kwenye mashine na kwenye matoroli, jua likawawakia, minong'ono ikaanza, halafu vicheko. Mmoja akamwita Bwana Ufa, na jina likanata hapo hapo. Mwenye jengo naye akamporomoshea matusi ya simu mpaka sikio likamchoma.

Alasiri akaja mhandisi na nguzo za chuma, zikasimamishwa moja moja kuanzia ukingoni. Nyapara akamvuta kando, akamuuliza kwa sauti ya kusihi kama ile sakafu ingeanguka. Mhandisi akajifuta jasho, akasema ingeweza, na ingeweza pia isianguke, nani ajue. Kisha akatoa kalamu, akataka kujua nani aling'oa mirunda. Nyapara akamwambia jengo liko mikononi mwake, aandike jina lake. Shemeji alikuwa hatua tatu tu kutoka pale, na alisikia kila neno. Akaokota mfuko wake wa vifaa, akaondoka na wenzake bila kuaga.

Saa kumi na mbili kasoro nyapara alikuwa akifunga geti, hana hata paka wa kumsindikiza. Simu ikaita. Alikuwa dada yake.

"Kaka, amerudi," dada akasema. "Amefura, hataki chakula, anakutukana tangu alipoingia. Yote amenieleza. Hivi sasa namsikia huko chumbani anagombana na kabati." Sauti ikamkatika. "Namsikia, kaka. Ahsante."

Nyapara akaegemea geti.

"Ila usimwambie kama nimekupigia," dada akasema, akakata simu.

"Sitamwambia," nyapara akajibu, simu ingali sikioni.