Komeo la Mlango wa Mama

Kama ningemwambia fundi wa vyuma ukweli siku ile kibandani kwake Mowlem, haya yote yasingetokea. Lakini mimi nina kiburi, na aibu yangu huwahi kusema kabla ya mdomo wangu.

Mama yangu anapotea. Ana miaka sabini na minane, tunaishi wawili hapa mtaa wa Umoja, orofa ya pili ya ploti ya wapangaji, na nikienda soko la Mutindwa kuuza nguo za watoto, yeye hutoka kwenda kuchuma chai. Chai gani? Shamba lile tuliliuza nikiwa darasa la sita. Mara ya kwanza aliokotwa Donholm. Mara ya pili mwenye bodaboda alimkuta katikati ya Outer Ring Road akiwa na gauni la kulalia, magari yakimpigia honi pande zote mbili. Nilipoletewa nilimfokea kwanza, kisha nikalia. Usiku huo niliamua kuweka grili, geti la vyuma, mlangoni. Nikitoka asubuhi namfungia, nikirudi namfungulia. Wako wengi wanaofanya hivyo katika mitaa hii, ila hakuna anayelisema.

Fundi anaitwa Makau. Nilimkuta amepandisha miwani yake nyeusi kwenye paji la uso, anapuliza chai.

"Sasa mathe, unataka grili ya aina gani?"

"Ngumu. Ile mtu hawezi kufungua kabisa, hata akipitisha mkono."

"Kwani wezi wanawasumbua?"

Hapo ndipo ningesema. Lakini nyuma yangu walikuwa wateja wawili, na mmoja wao tunasali naye kanisa moja. Ningeanzaje kusema kwamba nataka kumfungia mzazi wangu ndani kama kuku?

"Eeh," nikasema. "Wezi."

"Basi tulia. Nitakuchomelea kitu mpaka wewe mwenyewe ukiogope."

Mama naye aliponiuliza Makau anapima nini mlangoni, nilimpa uongo uleule, tena nikauongezea chumvi. Nikamwambia wezi wamezidi mtaani, wanajua hata majina ya watu, kwa hiyo asimfungulie mtu yeyote. Aliitikia kwa utii kama mtoto, na mimi nikajiona mwerevu.

Makau alikuja kuifunga Alhamisi nikiwa sokoni. Anab, jirani yangu wa mlango unaotazamana na wangu, alikubali kukaa na mama mpaka kazi iishe. Saa tano simu ikalia.

"Mirriam, kuja mbio!" Anab alikuwa akihema. "Fundi amemaliza akaenda. Mimi nimeingia kwangu kugeuza chapati tu, dakika mbili. Mama amejifungia. Na huku nje nasikia harufu ya gesi."

"Amejifungiaje? Komeo si liko nje?"

"Nje wapi? Liko ndani!"

Na kweli, nani huweka komeo la grili nje? Fundi yeyote wa Eastlands ukimtajia wezi, komeo anaweka ndani bila kuuliza. Makau, kwa kutaka kunifurahisha, alikuwa pia amechomelea bamba la chuma mbele ya komeo, mkono wa mtu aliye nje usilifikie. Ilikuwa kazi safi kabisa. Nilikuwa nimeiagiza mwenyewe.

Nilimpigia Makau simu nikikimbia, nguo nimeziacha pale chini. Nilipofika ngazini yeye alikuwa ameshatangulia. Anab alikuwa amezima umeme na kumwaga maji kwenye jiko la makaa la jirani wa chini. Harufu ilikuwa imejaa mpaka macho yanawasha. Makau alikuwa ameweka mashine yake ya kukatia sakafuni.

"Siwezi kuwasha hii, mathe. Cheche moja tu na ploti yote inaenda."

Akachukua msumeno wa mkono, akaanza kukata bawaba huku akizimwagia maji. Alikata na kukata. Chuma alichokichagua mwenyewe kilimtoa jasho.

"Itachukua nusu saa," akasema bila kunitazama.

Mlango wa mbao ulikuwa wazi, kwa hiyo mama nilimwona kupitia vyuma vya grili. Alikuwa ameketi kwenye kiti, kibeti mapajani, anatutazama kwa macho ya woga. Jikoni gesi, aliyoifungua bila kuiwasha, ilikuwa ikivuma.

"Mama, simama uvute hilo komeo!"

"Nyinyi ni wezi."

"Mama, ni mimi. Ni Mirriam!"

"Mirriam yuko sokoni. Aliniambia mnajua majina ya watu. Aliniambia nisimfungulie mtu."

Nilikuwa nimemfundisha vizuri, Mungu anisamehe. Kidevu chake kikaanza kushuka kifuani, akazinduka, kikashuka tena. Nilijua akilala pale haamki. Ngazi zilikuwa zimejaa watu wa ploti nzima, na yule wa kanisani nadhani alikuwepo, sikujali tena. Nikapiga magoti nikashika vyuma.

"Mama, hakuna wezi. Nilikudanganya. Grili hii niliitengeneza kwa sababu yako. Unatoka unapotea, nami sina mtu wa kukulinda, nikaona nikufungie ndani. Ni mimi nilitaka kukufungia, mama. Nisamehe, fungua!"

Msumeno wa Makau ulisimama. Mama aliinua kichwa akanitazama, kisha akainuka akishikilia ukuta, akaja hatua kwa hatua. Tukasikia komeo likisuguana na rangi mbichi.

"Kumbe ni wewe," akasema akiyumba, nikamdaka.

Makau aliingia mbio akafunga gesi, akafungua madirisha. Mtungi Anab aliubeba kwake saa hiyohiyo, mama asiuguse tena. Mama tulimkalisha ngazini apate hewa, akanywa maji, watu wakaanza kutawanyika wakinong'ona. Makau alisimama mbele yangu akifuta mikono kwenye suruali.

"Ungeniambia tu, mathe. Mimi nilidhani ni ya wezi." Akaligusa komeo. "Sasa hili komeo nilifanyeje?"

Mbele ya mama ningesema nini?

Ni mama aliyejibu, kwa sauti yake ya zamani, ile aliyokuwa akitumia na vibarua shambani.

"Liweke nje, baba. Huyu anaogopa kusema. Mimi najua napotea."

Makau alinitazama, nikakubali kwa kichwa. Mama akaushika mkono wangu, akaufunika kwa wake.

"Lakini jioni ukirudi, kabla hujafungua, niambie kwanza ni wewe," akasema. "Nisiogope."

Nikamwambia nitamwambia.