Moshi wa Nanasi Nyuma ya Nyumba ya Haunani

Jumapili baada ya ibada, Haunani Kahale alivua viatu vya kanisani, akavaa kandambili na kuanza kukanda nyama ya kusaga kwenye beseni. Alitia kitunguu kilichokatwakatwa, yai, tangawizi ya kusugua na sosi ya soya, akakanda kwa mkono mmoja huku wa pili ukifukuza kuku. Kuku wa Wahiawa, mji wake mdogo wa kisiwani, hawana mwenyewe wala adabu. Huingia jikoni kama wamealikwa, na ukiwafokea wanakuangalia wewe kama mgeni.

Alikuwa mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba ya kupanga aliyoingia siku ya harusi yake. Binti yake, Kuulei, alikuwa amehamia Las Vegas, ng'ambo ya bahari, na mumewe, Makoa. Walihama kama ilivyohama nusu ya mtaa: kodi ilipanda mpaka mishahara ya watu wawili ikawa haiifikii, na kule jangwani mtu wa kawaida bado aliweza kupata nyumba yenye mlango wa mbele na wa nyuma. Kuulei aligawa karata kwenye jumba la kamari, Makoa akaezeka mapaa. Mtoto wao, Hiilei, alizaliwa hukohuko. Haunani alikuwa hajawahi kumshika. Alimjua kwa simu tu, uso mmoja mnene unaoramba kioo.

Siku hiyo hakuwa na mpango wa kumwita mtu. Alitamani tu baga kama alizopenda marehemu mumewe, yaani nyama, pete ya nanasi iliyochomwa na skonzi tamu. Nanasi alipewa na jirani yake, mzee Cipriano Agbayani, ambaye alitoka Ufilipino akiwa kijana na kuvuna mananasi mpaka mgongo ukapinda. Kampuni ilipofunga mashamba na kwenda nchi ambako vibarua ni rahisi zaidi, Cipriano alitia vichwa vya mananasi kwenye kofia yake, akaja kuvipanda nyuma ya nyumba yake. Hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyebaki wa kumzuia.

Haunani aliwasha mkaa, akalipaka nanasi sosi na sukari guru, akalitandika pete kwa pete juu ya wavu. Sukari ilipoanza kugeuka rangi, moshi uliinuka, ukatuama kidogo juu ya kamba ya nguo, na Kuulei akatokea katikati ya shuka mbili akisukuma kitoroli cha dukani.

"Mama," alisema, "umelikata jembamba. Litakatika."

"Moja limeshakatika. Umekuja na nini?"

Kuulei alichungulia kitoroli. "Maziwa na nepi. Sijalipia."

"Makoa yuko wapi?"

"Anaegesha gari."

Makoa alitokea nyuma yake, funguo mdomoni, mtoto begani. Alisimama akavuta pumzi kwa pua mpaka kifua kikajaa. "Harufu hii nimeisikia tangu nakata kona," alisema. "Nikamwambia huyu, mama mkwe leo anatuonyesha."

Haunani alifuta mikono kwenye gauni, akampokea Hiilei. Mtoto alimshika sikio, akalivuta, akaliangalia kama anataka kujua bei yake. Haunani alikuwa na mengi aliyotaka kumwambia mjukuu wake tangu azaliwe.

"Mzito," alisema, akageukia moto ili nanasi lisiungue.

Walikula wamesimama, sosi ikiwachuruzika mpaka kwenye viwiko. Makoa alipanga baga yake nanasi chini ya nyama, Haunani akamwambia huo ni ushamba, nanasi hukaa juu ili maji yake yaishukie nyama. Walibishana juu ya hilo kwa raha zote. Pete ya mwisho ilipotoka motoni na kuliwa, waliondoka. Hawakuyeyuka wala hawakupaa. Walitoka tu, kama mtu anavyotoka chumbani kufuata kitu, isipokuwa hawakurudi. Haunani alianua shuka zilizonuka moshi, akazifua upya.

Jumapili iliyofuata hakutaka kumsumbua Cipriano, akanunua nanasi dukani, lililotoka ng'ambo. Alilichoma vilevile, na kati ya shuka akatokea mwanamume mwenye viatu vya mpira na panga kiunoni, akisema Kihispania. Aliitwa Eusebio. Alikula baga mbili, akasifu nyama kwa vidole, akaokota ganda la nanasi na kupiga kifua chake kuonyesha kwamba hilo limetoka kwao. Alipomaliza aliosha sahani yake bombani, akaenda zake.

Haunani alikwenda kwenye uzio. "Anko Cipriano, leo amenijia mtu mwingine kabisa."

"Umenunua dukani?"

"Nimenunua."

"Sasa ulitegemea nini? Moshi unaita watu wa udongo wake. La dukani lina watu wake, la kwangu lina watu wa mtaa huu."

"Na hukuniambia miaka yote hii!"

"Nilidhani unajua. Ferdie mwanangu anakuja kila nikichoma embe."

"Kumbe! Ndiye ninayemsikia anakoroma hapo kwako?"

"Ndiye huyo," Cipriano alisema kwa masikitiko. "Anatoka Vegas mpaka hapa, halafu analala."

Kuanzia hapo, Jumapili za Haunani zilikuwa na watu. Alijifunza kukata pete nene zinazochelewa kuiva, na kuzisogeza pembeni ya moto pale mazungumzo yanapokolea. Kuulei alikuja na sare yake ya kazini, mara nyingine na karata mkononi. Siku moja Makoa alijaribu kubaki. Alijifunga kwa mkanda kwenye nguzo ya kibaraza, akafunga macho, akasema, "Sitoki." Nanasi lilipoisha alijikuta juu ya paa jangwani, mikono ina rangi ya kijani ya ile nguzo. Mkanda ulibaki. Haunani aliukunja vizuri, akamrudishia wiki iliyofuata.

"Suruali ilinishuka mbele ya bosi," Makoa alimwambia.

"Ndiyo ukome," alisema Haunani. Lakini siku hiyo alimwekea nyama kubwa kuliko ya wote.

Hiilei akakaribia kutimiza mwaka. Kwa watu wa visiwa vile, mtoto akifikisha mwaka ukoo wote unakutana, na asiyekuja huulizwa sababu mpaka kufa kwake. Haunani alitaka sherehe ya kutwa nzima, na sherehe ya kutwa nzima ilitaka moto usiokosa tunda. Alikwenda tena kwenye uzio.

Cipriano aliangalia bustani yake. Mananasi yalikuwa yameanza kupiga manjano kwenye kitako. "Nitayakata yote," alisema.

"Yote, Anko? Utabaki na nini?"

"Vichwa vinabaki, navipanda tena. Mimi sina haraka."

Alikuwa amepita miaka themanini, na nanasi huchukua karibu miaka miwili kuzaa.

Siku ya sherehe majiko yalipangwa kutoka kibarazani mpaka mlango wa barabarani. Jirani wa kushoto alileta ndizi, wa mbele akaleta mapapai mabichi yasiyosambaratika kwenye wavu, na Cipriano akaja na toroli la mananasi pamoja na ndoo ya embe. Haunani alikuwa amekesha akiloweka nyama. Moshi ulipotuama, shuka hazikutosha. Watu walipita chini ya kamba wakiinamisha vichwa, wapishi na kofia zao, walinzi na redio zao, mama mmoja na rola za nywele, bwana harusi fulani aliyesema anatakiwa kanisani lakini atakaa kidogo tu. Ferdie alifika na trei ya vinywaji vya watu wengine, akaviweka mezani, akatafuta kivuli akalala.

"Jamani, mwamsheni huyo!" Kuulei alisema.

"Mwache," Cipriano alisema. "Leo acha akorome mbele za watu."

Wakaimba. Makoa alipiga ukulele, kigitaa chenye nyuzi tatu, uzi wa nne akaujaza kwa mdomo. Wazee walibishana kama sosi ya baga inahitaji siki, wakapimana kwa kula. Hiilei, aliyevikwa shada la maua lililomfika magotini, aliona kuku akipita na kipande cha skonzi, akaachia mguu wa meza, akamfuata. Hatua zake za kwanza zilikuwa za hasira. Uwanja mzima ulipiga kelele, kuku akaangusha skonzi, na Hiilei akakaa chini akaila. Haunani alicheka mpaka akashika nguzo. Alijua kwamba hata angeishi kiasi gani, hiyo ndiyo siku atakayoitolea mfano.

Katikati ya hayo yote dalali wa nyumba aliingia, Bi Dressler, amevaa viatu visivyofaa majani, akifuatana na mume na mke waliotoka bara. Mwenye nyumba alikuwa amefariki na watoto wake walitaka kuuza. Haunani aliambiwa watu wangekuja kuangalia. Hakuambiwa ni lini.

"Samahanini," Bi Dressler alisema, akisogeza moshi kwa mkono. "Wote hawa wanaishi hapa?"

"Tunatoka hapa," Kuulei akamjibu.

"Na mnaishi wapi?"

"Las Vegas."

"Oh, pazuri kule," alisema Bi Dressler, akaandika urefu wa kibaraza.

Haunani hakuweza kumwacha mtu asimame uwanjani kwake bila kula. Aliwapa baga. Mume alifumba macho kwa utamu. Mke aliwatazama watu wakitokea kwenye shuka, akauliza kama hilo linakuja na nyumba.

"Hilo ni la majirani," Bi Dressler alisema. "Lakini linapandisha thamani ya mtaa."

Waliinunua. Wengine waliokuja kuangalia waliposikia habari za Jumapili za mtaa ule, za muziki na za harufu, walinunua mbili nyingine, na kodi za zilizobaki zikapanda. Haunani alitafuta nyumba Wahiawa, akatafuta mpaka upande wa pili wa kisiwa, mwisho akafunga beseni na nguo zake, akapanda ndege kwenda Las Vegas kukaa na binti yake. Wenye nyumba wapya walikuja Krismasi, wakabadilisha nyasi, wakaondoka. Nyasi mpya zilimwagiliwa na bomba lililofunguka lenyewe, kuku wakaoga maji yake.

Nyumba ya Kuulei ilikuwa nzuri. Ilikuwa na mlango wa mbele na wa nyuma. Haunani alimfundisha Hiilei majina ya vitu, akapika, akakaa dirishani akiangalia milima isiyo na jani. Hakulalamika. Alilala na kandambili miguuni, Kuulei alipomuuliza akasema sakafu ina baridi.

Kisha Jumapili moja, akiwa anakunja nguo sebuleni na Hiilei kiunoni, alisikia sukari inaungua. Aligeuka kumwambia Kuulei aangalie jikoni, na alipogeuka alikuwa amesimama kwenye bustani ya Cipriano, katikati ya vichwa vya mananasi vilivyoanza kushika mizizi. Kuulei na Makoa walikuwa nyuma yake. Ferdie alikuwa ameshapata kivuli.

"Anko! Nanasi umelitoa wapi?" aliuliza Haunani.

"Moja lilijificha chini ya majani. Kaa, bado nyama."

"Sosi hukupaka."

"Nimepaka."

"Hii umepaka? Hii umeionyesha tu chupa." Alimkabidhi mtoto, akachukua burashi, akapaka pande zote mbili mpaka moto ukalia. Ng'ambo ya barabara, Bi Dressler alikuwa anawafungulia watu mlango wa nyumba nyingine. Aliwapungia mkono waliokuwa kwenye moto. Cipriano naye akampungia.

"Anakuja kwangu Jumanne," mzee alisema. "Kupima nyumba iuzwe."

"Utakwenda wapi?"

"Kwa Ferdie, nikamsikilize anavyokoroma. Wapi tena?"

Haunani aligeuza pete, moja moja, akiangalia mistari ya wavu ilivyokaa. "Na nani atatuchomea sisi?"

Cipriano alitupa macho kuufuata mtaa, nyumba kwa nyumba, madirisha mengi yamefungwa. "Mama Leolani wa kona bado yupo. Nimempa vichwa vinne vya mananasi."

"Yule anaunguza, Anko."

"Anaunguza sana," Cipriano alikubali, akamnyooshea skonzi. "Basi tutakula yaliyoungua."